Mtu wa Michezo Miwili na Kiwanja cha Lusu

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya kamati katika mkutano wa mwaka wa wana-Lusu, kabla ya harambee)

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, kina mama, ndugu zetu mliosafiri usiku kucha kutoka nyumbani, na ninyi mliotoka Mbezi na Gongo la Mboto mkafika mmechelewa kuliko wa Nzega: mwangaluka!

Tunajua harufu ya pilau imeshafika hapa mbele. Mhazini wetu ana nadharia yake kwamba mwenye njaa huchangia kidogo, na aliyeshiba husinzia. Kwa hiyo ametupangia kuzungumza kabla ya chakula lakini karibu nacho sana. Tutajitahidi.

Tuanze na kosa letu. Mwaka jana, katika ukumbi kama huu, kamati ilileta mpango wa shule ya kata yetu: madarasa mawili, matundu ya vyoo, na nyumba ya mwalimu. Mliupokea kwa makofi. Jambo ambalo hatukuwaambia ni kwamba katika rasimu ya kwanza kulikuwa na kitu cha nne, nacho ni kiwanja cha michezo. Tulikifuta wenyewe, kwa kalamu nyekundu, usiku wa kuamkia mkutano. Hakuna aliyetushurutisha. Tuliona aibu kuwaomba watu wazima, wenye ada za watoto na kodi za nyumba, watoe fedha yao kwa ajili ya nyasi na milingoti.

Kuna bibi mmoja alisimama siku ile, wengi mnamkumbuka, akauliza: "Na hao watoto watacheza wapi?" Tulimjibu kwa haraka, na kwa kiburi kidogo, kwamba watoto wanakwenda shule kusoma. Ukumbi ukacheka, ukampigia makofi aliyejibu. Bibi akakaa. Mwaka huu tumerudi kumwambia kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu letu, na kuwaomba ninyi tukirudishe kiwanja kwenye mpango. Sababu yetu itatupeleka mbali kidogo, hadi Mombasa na Durban. Mtuvumilie, tutarudi Lusu kabla wali haujapoa.

Mnakumbuka Machi 2003. Wakati huo mgodi wa dhahabu pale kwetu ulikuwa ukifanya kazi usiku na mchana, na walioushika walikuwa Waaustralia. Wengi wetu hapa ama tulifanya kazi pale, ama tuliuza ndizi getini, ama tulikuwa na kaka au shemeji ndani. Wale wageni walikuwa na mchezo wao waliokuwa wakiutazama kwenye runinga ya setilaiti, mchezo wa watu waliovaa suruali ndefu, wanaosimama muda mrefu juani kisha ghafla wanapiga kelele. Sisi tuliuita mchezo wa kungoja. Jumamosi moja jioni baadhi yetu tulipita karibu na pale walipokuwa wakitazama, tukashangaa: walikuwa kimya kabisa. Tulipouliza kulikoni, mmoja akatujibu kwa Kiswahili chake cha mgodini: "Mzee wa Mombasa anatusumbua."

Mzee mwenyewe alikuwa na miaka 39. Jina lake Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, Desemba 1963.

Kwa wasioujua mchezo, na hao ni karibu sisi sote, kriketi ni hivi. Kuna vijiti vitatu vimesimikwa ardhini, na mbele yake anasimama mpigaji mwenye ubao mkononi. Mrushaji anatupa mpira kutoka upande wa pili, mita 20 na ushei, akitaka kuangusha vijiti au kumfanya mpigaji akosee. Mpigaji anataka kuupiga mbali ili akimbie na kuhesabiwa mbio. Mipira sita ni ova moja. Timu inayokusanya mbio nyingi ndiyo inayoshinda. Kuna warushaji wa kasi, ambao mpira wao unakuja kama jiwe la kombeo, na kuna warushaji wa taratibu, ambao mpira wao unakuja kwa upole, unadunda, kisha unageuka njia. Karim alikuwa wa aina hiyo ya pili, wa mkono wa kushoto. Ukimtazama unaweza kudhani hata bibi yako angeupiga mpira wake. Hapo ndipo wengi walipopotelea.

Sasa sikilizeni kilichotuvuta sisi. Huyu mtu hakuwa wa mchezo mmoja. Alikuwa pia mcheza tenisi, na si wa kujifurahisha jioni: aliichezea Kenya katika Kombe la Davis, ambalo ndilo shindano la mataifa la tenisi ya wanaume duniani. Fikirieni mtu mmoja avae jezi ya taifa lake katika michezo miwili. Baba yake, mzee Yusuf, naye alikuwa mwanamichezo anayejulikana Mombasa. Mwanawe Irfan baadaye akaichezea Kenya kriketi, akiwa mpigaji na mdakaji wa nyuma ya vijiti. Vizazi vitatu, na nyumba ni moja.

Tulipoanza kusoma habari zake tulikuwa na swali dogo: inawezekanaje? Maana sisi tumezoea kumwambia kijana achague. Ukicheza mpira acha riadha, ukikimbia acha wavu, na ukifika kidato cha pili acha vyote ushike daftari. Jibu la kwanza ni la kipimo tu. Kiwanja cha tenisi kina urefu wa mita 23.77, na njia ya kriketi ni mita 20.12. Ni karibu umbali ule ule. Katika yote mawili mpira unadunda mbele ya mtu, na anayeweza kujua utakapodunda na utakapoelekea ndiye mwenye mchezo. Kwa hiyo aliyejifunza jicho na mkono katika mmoja hakuwa akipoteza muda wa mwingine. Mtoto anayecheza rede jioni na mpira wa pete asubuhi anafundisha mwili ule ule.

Jibu la pili ni la mji. Mombasa ni kisiwa kidogo, na ndani yake kulikuwa na viwanja vya kriketi na vya tenisi ambavyo mtoto wa mji angeweza kuvifikia bila kupanda basi la kwenda mbali. Hatusemi kila mtoto wa Mombasa aliruhusiwa kuingia. Zama zile kila jamii ilikuwa na klabu yake na geti lake, na hilo lina uchungu wake. Tunasema tu kwamba viwanja vilikuwepo, vimepimwa, havikugawiwa kuwa viwanja vya nyumba, na vilidumu kutoka kwa baba hadi kwa mjukuu. Kipaji bila mahali pa kukanyaga hakina anwani.

Jibu la tatu ndilo lililotufanya tubadili msimamo wetu, nasi tutalifikia.

Kwanza tumalize safari yake ya mchezo. Kenya ilicheza Kombe la Dunia la kriketi kwa mara ya kwanza mwaka 1996, na Karim alikuwemo. Tarehe 29 Februari mwaka huo, mjini Pune, India, Kenya iliwafunga West Indies, ambao kwa miaka mingi walikuwa wafalme wa mchezo ule. Kenya ilipata mbio 166 tu, watu wakaanza kufunga mizigo yao, kisha West Indies wote wakatolewa kwa 93. Miaka miwili baadaye, Mei 1998, Karim akiwa nahodha, Kenya iliifunga India nyumbani kwake, mjini Gwalior, kwa tofauti ya mbio 69. Kuifunga India kriketi kwao ni sawa na timu ya kata yetu kwenda kuifunga Yanga pale kwa Mkapa na refa akiwa Mwananchi. Mwaka uliofuata aliiongoza Kenya kwenye Kombe la Dunia Uingereza. Walipoteza mechi zote tano. Akastaafu.

Akarudi kazini. Hapa tunaomba msikilize vizuri, hata ninyi mnaomwangalia mpishi. Karim alikuwa mtu wa bima. Miaka yote ile ya Pune na Gwalior na Kombe la Davis alikuwa na kazi yake ya kumlisha. Wachezaji wa Kenya wa wakati ule hawakuwa matajiri. Mchezo uliwapa heshima na safari, lakini ugali ulitoka kwingine. Alipoacha kriketi mwaka 1999 hakuanguka, kwa sababu hakuwa ameegemea mti mmoja.

Ndipo likaja Kombe la Dunia la 2003, ambalo Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya waliandaa pamoja. Akaombwa arudi. Umri wake ulikuwa umri wa baba wa wenzake kadhaa. Kocha alikuwa Sandeep Patil kutoka India, nahodha Steve Tikolo. New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama, wakapoteza pointi. Kisha tarehe 24 Februari, Nairobi, kijana Collins Obuya akawatoa Wasri Lanka watano peke yake na Kenya ikashinda. Wakaifunga Bangladesh, wakaifunga Zimbabwe, wakaingia nusu fainali. Nchi ambayo haikuwa hata miongoni mwa zile kubwa zinazoruhusiwa kucheza mechi za siku tano haikuwahi kufika pale.

Katikati ya hayo, Jumamosi tarehe 15 Machi, uwanja wa Kingsmead, Durban, wakakutana na Australia. Australia ile haikufungwa na mtu yeyote katika mashindano yale, mwanzo hadi mwisho. Kenya ilianza vibaya sana: Brett Lee, mrushaji wao wa kasi, aliwatoa watu watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Tikolo akajikaza akapata 51, na Kenya ikafika 174. Australia wakaingia kupiga, na Adam Gilchrist akaanza kuutupa mpira nje kama anayefukuza ndege shambani. Alipata 67 upesi. Mechi ilikuwa imekwisha, watu walikuwa wanangoja tu karatasi.

Ndipo mzee wa bima akapewa mpira.

Akamtoa Ricky Ponting, nahodha wao. Akamtoa Darren Lehmann. Akamtoa Brad Hogg kwa mpira alioudaka mwenyewe. Australia wakawa na 117 na watu watano wameshatoka. Huyu mzee alirusha ova nane na mipira miwili. Kati ya hizo, ova sita nzima hakuna aliyepata hata mbio moja. Kwa jumla walipata kwake mbio 7 tu. Hao ni watu waliokuwa wakipata mbio 7 kwa ova moja wakiwa wanapiga miayo. Mwisho Australia walishinda, tusidanganyane, walikuwa na watu wa kutosha bado. Lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi alipewa mtu wa timu iliyofungwa. Huo ndio ukimya tuliousikia kule mgodini.

Siku tano baadaye Kenya ilifungwa na India katika nusu fainali, uwanja ule ule, na Karim akaacha tena, safari hii moja kwa moja.

Ndugu zetu, tumekaa sana na swali hili kwenye kamati: kwa nini mtu wa miaka 39, aliyekaa nje miaka karibu minne, aliweza kusimama mbele ya wapigaji wakali kuliko wote duniani bila mkono kutetemeka? Wenzetu wengine walisema ni uzoefu. Sawa. Sisi tunaongeza jambo moja, na ni maoni yetu tu: hakuwa na cha kupoteza. Angefungwa, Jumatatu angerudi kwenye bima. Kijana ambaye mpira ndio chakula chake, kodi yake na mahari yake, akipewa mpira mbele ya Ponting anaona nyumba nzima ya mama yake inaning'inia pale. Karim aliona mtu na vijiti vitatu tu.

Hilo ndilo jibu la tatu. Kazi na mchezo havikugombana kwake. Kazi ndiyo iliyomfanya huru mchezoni.

Tunajua dunia imebadilika. Katika Australia ile ile yuko mwanamke aitwaye Ellyse Perry. Mwaka 2007, akiwa na miaka 16, alianza kuichezea nchi yake kriketi na pia mpira wa miguu. Mwaka 2011 alifunga goli kwenye Kombe la Dunia la wanawake Ujerumani, katika robo fainali dhidi ya Sweden. Huyu ni mchezaji wa kulipwa hasa, mishahara na mikataba, na hapo ndipo michezo miwili ilipogombana: ratiba zikagongana, na mwishowe akabaki na kriketi. Fedha inapoingia sana inadai mtu mzima mzima. Hatumlaumu. Tunasema tu kwamba hata yeye, ili afikie siku ya kuchagua, alihitaji kwanza utoto wa kutochagua.

Na kwa wanaodhani fedha peke yake ingetosha, watazame Kenya baada ya Durban. Viongozi waligombana, wachezaji wakagoma kwa ajili ya malipo, nahodha wa zamani Maurice Odumbe akafungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa kuchukua fedha za mcheza kamari, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Timu ya nusu fainali! Sisi tunaona walishangilia paa wakasahau msingi. Vijana wapya hawakuandaliwa kwa wingi wa kutosha. Hapa Tanzania, kwa upande mwingine, mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la kriketi kwa mara ya kwanza. Wengi wetu hatukujua, kwa kuwa siku ile Simba walikuwa na mechi.

Sasa turudi Lusu, kama tulivyoahidi.

Kuna kijana mmoja wa kwetu, jina tunalihifadhi, na wengine hapa ni wajomba zake. Akiwa darasa la saba alikwenda na timu ya wilaya kwenye UMITASHUMTA, akacheza mpira wa miguu na wavu. Mwalimu alitusimulia kwamba mikono yake ilikuwa na macho. Alipoingia sekondari, hapakuwa na pa kuchezea. Eneo lipo, lakini ni kichuguu na mashimo. Nyumbani akaambiwa achague, na aliyemwambia hivyo alikuwa mmoja wetu katika kamati hii, kwa nia njema kabisa. Akaacha michezo. Tulitarajia daftari lingefaidi. Haikuwa hivyo. Alikuwa mtoto ambaye shule ilimshika kwa kamba moja, na kamba hiyo tuliikata sisi. Kidato cha pili hakumaliza. Leo yuko kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, na mama yake kila mvua ikinyesha halali.

Hatusemi angekuwa Karim. Pengine angekuwa karani wa halmashauri anayecheza wavu Jumamosi. Hilo lingetutosha sana.

Wazee wetu mnalijua hili kuliko sisi. Kabla ya reli, barabara ya msafara kati ya pwani na Ujiji ilipita katika nchi hii, na Tabora ilikuwa kitovu chake. Babu zetu walibeba pembe na vitambaa mabegani hadi Bagamoyo na kurudi. Lakini hawakuwa wapagazi tu. Kiangazi walikwenda na msafara, masika waliwahi nyumbani kushika jembe. Watu wa kazi mbili! Na wasafiri wa Kizungu wa zama zile waliandika kwamba hata watoto wa Kinyamwezi walionekana njiani wamebeba vipembe vidogo, wakijizoesha. Hakuna aliyewaambia wachague kati ya shamba na safari. Wala hakuna aliyewatwisha mzigo mkubwa siku ya kwanza. Palikuwa na njia, nao wakaikanyaga tangu wakiwa wadogo.

Basi tunachoomba ni njia ya kukanyaga. Hatujengi Kingsmead. Hatuombi majukwaa wala taa. Tunaomba eneo lipimwe na mipaka yake iandikwe, kwa sababu limeanza kuliwa: upande wa kusini mwaka huu tumekuta matuta ya viazi, na upande wa kaskazini kuna tofali za mtu ambazo zimekaa kana kwamba zinasubiri fundi. Hatumtaji mwenye tofali. Anajijua, na ameshakula pilau yetu miaka mitatu. Kisha tunaomba vichuguu visawazishwe, milingoti ya magoli ya mbao isimikwe, uwanja wa pete wa wasichana wa mita 30 na nusu kwa 15 na robo upate udongo mgumu na nguzo zake, na wa wavu wa mita 18 kwa 9 upate neti. Wasichana tunawataja kwa makusudi. Katika rasimu ile tuliyoifuta, hata kabla ya kufuta, tulikuwa tumechora kiwanja cha wavulana peke yao. Bibi angetuuliza na hilo pia. Pembeni itabaki nafasi ndefu ya mita 20 na ushei. Mwalimu mmoja kijana anasema atawafundisha watoto kriketi kwa ubao wa mkorosho na mpira wa tenisi. Tumemwambia aendelee, haitugharimu kitu.

Hatutawaficha gharama upande wa pili. Mfuko ni mmoja. Kiwanja kikirudi kwenye mpango na michango ikabaki kama ya mwaka jana, nyumba ya mwalimu itasubiri hadi mwaka ujao, na mwalimu ataendelea kupanga mbali na kuja kwa baiskeli. Hilo si jambo dogo, na kuna wajumbe wa kamati ambao hadi asubuhi ya leo wanaona tumekosea kulileta. Mmoja wao yuko kwenye meza hii ya mbele na atapewa nafasi ya kusema baada ya chakula. Msimzomee, hoja yake ni nzito. Madarasa na vyoo hayaguswi kwa vyovyote. Mkichangia zaidi, vyote vinne vinajengwa na ugomvi unakwisha. Mkichangia vile vile, mtatuamulia ninyi kwa kunyoosha mikono, kiwanja au nyumba, nasi tutakubali.

Daftari la ahadi liko kwa mhazini, meza iliyo karibu na mlango, na hakuna njia nyingine ya kutoka ukumbini, tumehakikisha. Walioko mbali wataona namba ya akaunti nyuma ya kijitabu hiki. Atakayekuwa nyumbani Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno, tunakutana pale shuleni saa moja asubuhi kupima mipaka. Mje na majembe, na mwenye tofali aje na toroli. Bibi ameshatuambia atakuja, na kwamba safari hii atauliza maswali mawili.

Karibuni chakula.